Mafunzo Safi, Bweni Duni: Kituo cha Maandalizi ya Umisheni Viungani mwa Malindi

Kila likizo ya Agosti au ya Desemba inapokaribia, vikundi vya vijana wa makanisa huanza kupita Malindi na kuvuka daraja la Sabaki kuelekea vijiji vya Magarini, kama vile Marafa na Garashi, na vingine huendelea hadi Garsen na vitongoji vya kandokando ya Mto Tana. Huko hukaa siku nne, tano au juma zima wakihubiri, wakifundisha watoto, wakikarabati darasa au kanisa na kuwatembelea wagonjwa. Vikundi vingi huondoka vikiwa vimejiandaa kwa nyimbo na fulana tu. Kwa hiyo niliposikia kwamba kituo kimoja cha mafungo viungani mwa mji wetu kimeanza kuuza mafunzo ya maandalizi kwa ajili ya safari za namna hii, niliwashawishi wazee wa kanisa tuwapeleke vijana wetu kabla ya kwenda Magarini. Jina la kituo nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa mazungumzo yetu nao kuhusu ankara bado yanaendelea, na mwenye kukaa Malindi hatapata taabu kukitambua.

Kinachouzwa ni kifurushi kimoja kisichogawanyika, angalau kwenye kipeperushi chao. Kwa shilingi 3,800 kila kijana hupata kitanda kwa usiku miwili, milo yote kuanzia chakula cha jioni cha Ijumaa hadi cha mchana wa Jumapili, ukumbi, mkufunzi na kitabu kidogo cha mazoezi. Nusu ya malipo hutangulizwa majuma mawili kabla, kwa M-Pesa, na risiti hutolewa bila kuombwa, jambo ambalo mhazini wetu alilifurahia kuliko sala ya ufunguzi. Hakuna nafuu kwa wenyeji wa Malindi ambao wangeweza kulala nyumbani kwao na kurudi asubuhi kwa tuktuk.

Nianze na mafunzo, kwa sababu ndiyo yanayostahili maneno mengi. Mkufunzi mkuu ni mama mmoja mstaafu, mzaliwa wa upande wa Marafa, aliyekuwa muuguzi wa zahanati kwa miaka mingi kabla ya kuingia katika uinjilisti. Vijana walimwita Mama tangu dakika ya kwanza, naye akawaita wanangu, na hapakuwa na haja ya kutambulishana zaidi. Hakuanza kwa mistari ya Biblia wala kwa picha za kuoneshwa ukutani. Alijifunga leso, akakaa kwenye kigoda katikati ya ukumbi na ungo wa mahindi miguuni, akaanza kuyapukuchua, kisha akamwagiza kijana mmoja atoke nje abishe hodi kama atakavyobisha huko kijijini.

“Hodi! Hodi hapa!”

“Karibu.”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mwatoka kwa nani?”

“Tumetoka kanisani, mama. Tumekuja kuwaletea neno la Mungu.”

“Sikuuliza mwaleta nini. Nimeuliza mwatoka kwa nani. Nani wa hapa awajua?”

Kijana alitazama nyuma kuwatafuta wenzake, na wenzake wakatazama sakafu. Mama aliendelea kupukuchua. “Basi keti, unywe maji,” akasema, “lakini hilo neno likae nje kwanza hadi aje mwenye mji.” Waliingia watatu kwa zamu, kila mmoja na jibu jipya, hadi binti mmoja alipotaja jina la mchungaji mwenyeji na la mzee wa kijiji aliyewaalika, ndipo mama akaweka ungo kando na kusogeza kiti.

Zoezi hilo lina sababu yake, na mkufunzi hakuificha. Tangu mwaka 2023, miili ya watu zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola hapa hapa Kaunti ya Kilifi, baada ya waumini kuhubiriwa wafunge hadi kufa, kikundi cha wageni kinachoingia kijijini na Biblia mkononi hakipokewi kama zamani. Wazazi huuliza maswali. Machifu huuliza maswali. Mtu mzima anayewakusanya watoto chini ya mwembe bila wazazi wao kujua hutiliwa shaka, na ni haki atiliwe shaka. Kwa hiyo nusu nzima ya Jumamosi asubuhi ilitumika kwa barua: barua ya mwaliko kutoka kanisa mwenyeji, barua ya kanisa linalotuma, nakala kwa chifu na kwa naibu wake, orodha ya majina na nambari za simu za kila anayesafiri, na ratiba inayoonesha kundi litakuwa wapi saa ngapi. Vielelezo vyote vimo ndani ya kitabu cha mazoezi, kwa Kiswahili kilichonyooka, na katibu wetu alivijaza papo hapo. Kwa kweli, kitabu hicho chenye kurasa zisizozidi arubaini ndicho kitu pekee cha kituo hiki ningekinunua tena kwa bei yoyote ya haki.

Sehemu ya pili ya kitabu ni fomu ambayo haijazwi na wageni bali na wenyeji. Inawauliza wanataka kazi gani ifanywe, ni lini isiwasumbue, nani ataiendeleza wageni wakishaondoka, na kitu gani wasingependa kiletwe. Vijana wetu walikuwa wamekwisha kuandaa igizo, michezo ya watoto na magunia mawili ya nguo za mitumba. Fomu iliporudi kutoka Magarini, kanisa mwenyeji lilikuwa limeomba mikono ya kuchimba mtaro wa kuondoa maji ya mvua nyuma ya darasa moja, na mtu wa kukaa na walimu wa shule ya Jumapili awaoneshe namna ya kutayarisha somo. Kuhusu mitumba waliandika kwa adabu kwamba kijijini yumo mama anayeuza nguo hizo hizo sokoni, na kwamba mwaka ambao kikundi kingine kilizigawa bure alikaa na marobota yake bila mteja. Palikuwa na manung’uniko ukumbini. Mkufunzi hakuwagombeza, aliwauliza tu ni nani kati yao ana mama au shangazi anayeuza mitumba, mikono ikainuka mingi, na mjadala ukaisha.

Kwa mantiki hiyo hiyo anasisitiza kwamba unga, maharagwe, mafuta na sukari ya kikundi vinunuliwe katika maduka ya kule kule, si katika maduka makubwa ya Malindi na kubebwa kwenye buti la basi. Bei itakuwa juu kidogo, anakiri, lakini fedha zitabaki kwa mwenye duka ambaye kesho ndiye atakayewakopesha wenyeji. Mhazini wetu alipiga hesabu na kununa. Mimi naona mkufunzi ana hoja, ingawa angetutendea wema kama angetaja mapema kwamba mwenye duka la kijijini anahitaji kuarifiwa juma moja kabla, maana hawezi kuwa na magunia ya unga ya kulisha kikundi kizima yakimsubiri rafuni.

Kuna somo moja ambalo sikulitarajia na ambalo, kwa maoni yangu, lingetosha peke yake kuhalalisha ada. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wamekuwa wakishambuliwa na kuuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi, mara nyingi kwa sababu ya mvi tu na kipande cha shamba wanachokimiliki, na wengine wameyakimbia makwao na kupewa hifadhi mbali na jamaa zao. Mkufunzi aliwauliza vijana wangapi wamewahi kusikia mahubiri ya kuvunja nguvu za uchawi. Wote. Akawauliza nini hutokea usiku ule ule, baada ya mhubiri mgeni kusimama na kipaza sauti na kusema amefunuliwa kwamba katika kijiji hiki yupo mzee anayewafunga watoto wa wenzake, kisha akapanda gari Jumapili na kwenda zake. Ukumbi ulinyamaza. Sharti lake halina mjadala: katika safari aliyoiandaa yeye hakuna mahubiri ya kuagua, hakuna kumtaja mtu wala ukoo, hakuna kumwombea mzee kwa kumwekea mikono hadharani kana kwamba ana pepo, na kijana akiulizwa na mwenyeji kuhusu uchawi ampeleke kwa mchungaji wa pale. Nimehudhuria semina nyingi za vijana katika pwani hii ambazo zilizunguka jambo hili kwa woga au, vibaya zaidi, zililichochea.

Aliunganisha na hilo suala la vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao waliofariki. Nyingi ziliibwa katika miaka iliyopita na kuuzwa ng’ambo, na baadhi zilikutwa katika majumba ya makumbusho ya Marekani kabla ya kurejeshwa. Kijana wa kanisa anaweza kuwa na maoni yake ya kiimani kuhusu vigango, mama alisema, lakini hagusi, haegemei, hapigi picha bila ruhusa ya mwenye mji, na hafanyi mzaha. Vivyo hivyo kwa misitu ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 na ambayo ina wazee wake na taratibu zake za kuingia.

Kuhusu watoto, maelezo yalikuwa makavu lakini ya kuaminika. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Shughuli za watoto husimamiwa na watu wawili wasio ndugu. Kila mmoja wetu aliye chini ya miaka 18 huenda na barua ya mzazi iliyotiwa saini. Kitabu kinaitaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 pamoja na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kueleza kwa mifano kwa nini picha ya mtoto wa watu akiwa nusu uchi haipaswi kuwekwa kwenye mitandao hata kama lengo ni kuchangisha fedha. Vijana walibisha sana hapo. Mmoja alisema bila picha wafadhili hawatatuma kitu mwakani. Mkufunzi akamjibu apige picha ya mtaro.

Jumamosi mchana ikawa zamu ya mabegi, na hapa pana kitu ambacho kila kikundi kingeweza kukiiga bila kulipa senti. Mkeka mkubwa ulitandikwa barazani, kila kijana akamwaga vyote alivyopakia, na msaidizi akalipima begi kwa mizani ya kuning’iniza ya wauza samaki. Kikomo ni kilo 8. Kilichopita kikomo kilirudi nyumbani. Nilishuhudia pasi ya nywele, jozi tatu za raba nyeupe, spika yenye ukubwa wa ndoo na kopo zima la mafuta ya nazi vikitengwa upande mmoja, huku wenye mali wakijitetea, na upande wa pili mama akiwaonyesha waliosahau walichokihitaji kweli: chandarua, tochi, viatu vya kufunika vidole kwa sababu ya funza na miiba, shati la mikono mirefu kwa ajili ya mbu wa jioni, leso mbili kwa kila msichana, sahani na kikombe chake mtu, sabuni, karatasi ya choo, na dawa ya kutibu maji. Kila mtu alitakiwa pia aandike kwenye kadi dawa anazotumia na mambo yasiyopatana na mwili wake. Ndipo ikajulikana kwamba kijana wetu mmoja ana pumu na hakuwa amepakia dawa yake ya kuvuta. Hilo pekee lilinipa usingizi mzuri usiku ule, kwa kadiri bweni lilivyoruhusu.

Huduma ya kwanza ilipewa saa moja, na saa moja haitoshi. Yaliyofundishwa yalikuwa sahihi: maji ya chumvi na sukari kwa mwenye kuhara, yaani lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, homa yoyote ya mtu aliyelala Magarini au Tana ipimwe malaria siku hiyo hiyo, wala asimezeshwe dawa kwa kubahatisha, aliyeumwa na nyoka atulizwe, asichanjwe, asifungwe kamba, asinyonywe jeraha wala kuwekewa jiwe la nyoka, bali kiungo kitulizwe na apelekwe hospitali haraka iwezekanavyo. Mkufunzi alitaja Bio-Ken ya Watamu, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikisaidia pwani hii katika mambo ya nyoka, na nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu. Lakini hakuna aliyepewa nafasi ya kufunga bendeji kwa mikono yake, wala kujizoeza kumbeba mgonjwa. Kwa kikundi kinachokwenda mahali ambapo hospitali inaweza kuwa mbali kwa barabara ya murram, ningetaka nusu siku nzima, na ningetaka waondoe ile saa na ushei aliyopewa msaidizi kijana kusoma neno kwa neno maandishi ya kwenye skrini kuhusu karama za rohoni, ambayo yalikwishafundishwa kila mahali.

Pungufu lingine ni zito zaidi. Wanaovuka kwenda Mambrui, Gongoni, Garsen au mbele zaidi hadi Mokowe na Lamu wataishi jirani na Waislamu, na mara nyingi watakuwa wageni wachache kati ya wenyeji wengi wa dini hiyo. Kitabu kinalipa jambo hili aya moja yenye nia njema. Hakielezi namna ya kupanga matumizi ya vipaza sauti kwa kuzingatia saa za adhana, wala mavazi ya wasichana wanapopita sokoni, wala kwamba kuwaalika watoto wa Kiislamu kwenye michezo yenye mafundisho bila kuwaambia wazazi wao ni kutafuta ugomvi, wala safari inayoangukia mwezi wa Ramadhani ipangwe vipi ili wageni wasile barabarani mchana kweupe. Sisi wa Malindi tumelelewa na haya na huyajua bila kufundishwa, kwani tumekula pilau ya Idi kwa majirani tangu utotoni. Kijana anayetoka bara hayajui, na kituo hiki kinawalenga hasa hao. Nilipomweleza mkufunzi, alikubali mara moja na kusema kwamba angependa mwalimu wa madrasa jirani aje kuzungumza na vikundi, lakini uamuzi haumo mikononi mwake.

Historia ilipata nafasi mbili, moja nzuri na moja ya kupoteza muda. Ile nzuri ni simulizi la Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga mwaka huo huo, na bado akakaa kujifunza lugha za watu kabla ya kufungua kituo Rabai mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann. Mkufunzi aliitumia habari hiyo kuwauliza vijana wanaokwenda kwa siku nne wanategemea kuvuna nini, akawataka wajifunze walau salamu za Kigiriama na majina ya vyakula kabla ya kuondoka. Ile nyingine ni matembezi ya Jumapili asubuhi hadi kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti na mnara wa Vasco da Gama. Ni kweli kwamba Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India, na wageni kutoka mbali watapenda kuona. Lakini muongozaji hakujua la kuunganisha kati ya mabaharia hao na safari ya Magarini, jua lilikuwa kali, na vijana wa Malindi walikwishapelekwa huko na walimu wao tangu shule ya msingi.

Sasa bweni. Vitanda ni vya ghorofa, vya chuma, vimesongamana kiasi kwamba wa katikati hupita kwa ubavu. Magodoro ni membamba na mawili kati yao yalikuwa na unyevu. Vyandarua vipo, hilo nawapongeza, lakini vingi vina matundu, na katika kituo kinachofundisha habari za malaria jambo hilo halina udhuru. Chumba cha wasichana kilikuwa na panka moja inayozunguka. Cha wavulana kilikuwa na panka isiyozunguka. Maji ya kuoga ni ya kisima na yana chumvi ya kutosha kuifanya sabuni isitoe povu, jambo la kawaida karibu na bahari, ila Jumamosi jioni hata hayo yalikatika na tukasubiri boza hadi usiku. Vyoo vilisafishwa asubuhi tu. Mlinzi wa usiku alikuwa macho na mpole, na lango lilifungwa mapema.

Jikoni pana watu wanaojua kazi yao lakini hawana saa. Mahamri na mbaazi za asubuhi yalikuwa ya kusifiwa: mahamri yenye hiliki ya kusikika, yamefura, mbaazi zimeiva kwa nazi nzito. Wali wa nazi na samaki wa Jumapili haukuwa na kasoro. Chakula cha jioni, hata hivyo, kilichelewa mno siku zote, na ugali wa Ijumaa ulifika mezani wakati baadhi ya vijana wameshalala. Hapakuwa na matunda hata kipande, katika mji ambao maembe huuzwa kila kona yakiwa msimuni.

Kilichonichefua ni ankara ya mwisho. Juu ya bei tuliyokubaliana iliongezwa shilingi 5,000 za usafi na shilingi 4,500 za boza la maji, yaani tulitakiwa tuyalipie maji tuliyoyakosa. Msimamizi wa ofisi alidai ni utaratibu wa kawaida, ingawa haumo kwenye kipeperushi wala kwenye barua ya makubaliano. Tulilipa bei ya awali, tukakataa nyongeza, na tukaandika sababu zetu. Amejibu mara moja tu, kwa adabu, akiahidi kulipeleka suala kwa kamati.

Ushauri wangu kwa walezi na makatibu wa vijana ni kwamba msinunue kifurushi. Mkufunzi huyo anaweza kukodiwa peke yake, ingawa kipeperushi hakisemi hivyo na ofisi haitakwambia usipouliza. Ada yake ni shilingi 12,000 kwa siku kwa kikundi kisichozidi watu 30, pamoja na vitabu vya mazoezi, na nauli ni juu yenu. Watu 30 kwa kifurushi kamili ni shilingi 114,000. Siku mbili za mkufunzi katika ukumbi wa kanisa lenu ni shilingi 24,000, na kinachobaki kitawapikia vijana wali mzuri, kitanunua vyandarua vizima na kitaacha akiba ya gari la dharura. Wanaotoka Mombasa au Nairobi na hawana ukumbi Malindi watafute kanisa la mjini litakalowakaribisha kulala. Makanisa mengi hapa hufanya hivyo kwa mchango mdogo. Mwambieni mapema kwamba mnataka nusu siku ya huduma ya kwanza, kwa sababu anayo ujuzi huo na huubana tu kwa ajili ya ratiba ya kituo, na kama mnakwenda Tana au Lamu mwombeni amlete yule mwalimu wa madrasa, kwani nje ya kituo hana wa kumzuia.

Kitu cha kumlipa zaidi bila kusita ni siku ya kutangulia. Kwa shilingi 3,000 na nauli huandamana na viongozi wawili wa kikundi hadi kijijini, majuma matatu au manne kabla ya safari, akawakutanisha na mchungaji mwenyeji, mzee wa kijiji na chifu, akawaonesha mahali pa kuteka maji, zahanati ilipo, na barabara ipi hupitika mvua ikinyesha. Wanaokusudia kwenda likizo ya Aprili wasiiruke siku hiyo hata kidogo, kwa sababu mvua za masika huwa zimeanza au ziko njiani, Sabaki hufurika, na njia iliyokuwa nyeupe Machi huweza kufungwa kabla ya Pasaka kwisha. Siku zake za Desemba hujaa mapema. Mpigieni kuanzia Septemba, na mkipatana naye, muwe na barua ya mwaliko mkononi, maana hakubali kupanga tarehe na kikundi ambacho hakijaalikwa.